Tumewaitikia Wakongwe vya Kutosha

Kati ya mwaka 2015 na 2020 ungeweza kupanda basi Mikumi asubuhi, ukaukwea mlima Kitonga, ukapita Iringa, Mafinga na Makambako, na kabla giza halijaingia ukashuka Mbeya ukiwa umetoka jimbo la rapa mmoja na kuingia jimbo la rapa mwingine. Mikumi iliwakilishwa bungeni na Joseph Haule, yaani Profesa Jay. Mbeya Mjini iliwakilishwa tangu 2010 na Joseph Mbilinyi, aliyewahi kuitwa 2Proud, kisha Mr. II, kisha Sugu.

Wapiga kura wa majimbo hayo hawakuwahurumia kwa sababu ya kaseti walizowahi kutoa. Ukiwa mbunge unaulizwa maji yako wapi na barabara ya kuingia mtaani itachongwa lini, hata kama anayekuuliza anajua mistari yako yote kwa moyo. Uchaguzi wa 2020 ulipokwisha, matokeo yaliyotangazwa yaliwaweka wote wawili nje ya Bunge, na Mbeya Mjini ikaenda kwa Tulia Ackson. Tunaweza kubishana hadi kesho juu ya uchaguzi ule. Lakini siasa, pamoja na ukatili wake wote, ina jambo moja zuri: kila baada ya miaka mitano inamlazimu mtu kusikilizwa upya.

Muziki wetu hauna hata hilo. Mkongwe wa Bongo Fleva akitoa wimbo mpya leo, ujue tayari kitakachotokea. Watu wataandika "heshima kwako mkongwe". Wataweka alama za moto. Mtangazaji atasema "huyu ndiye aliyetufungulia njia", ataupiga wimbo mara moja, na hapo hapo ataurudia ule wa mwaka 2001. Wiki ikiisha hakuna anayeweza kukutajia mstari mmoja wa ule mpya. Hakuna aliyesema ni mbaya, wala aliyesema ni mzuri. Umezikwa kwa maua.

Hoja yangu ni hii: shabiki anayeudhika na kazi mpya ya mkongwe ndiye shabiki wa kweli aliyebaki kwa mkongwe huyo, na sisi tumemfanya aone aibu kufungua mdomo. Tumemwambia hana adabu. Tumemuuliza "wewe umetoa albamu ngapi?" Tumejenga utamaduni wa kupongeza bila kusikiliza, halafu tunashangaa kwa nini wakongwe wetu hawatoi tena kazi zinazotikisa.

Tukumbuke ni akina nani waliotufundisha kutoa maneno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mr. II alitoa "Hali Halisi", wimbo uliosema waziwazi kuwa maisha ni magumu na siasa haijayarahisisha, wakati wazazi wengi bado waliiona rapu kuwa uhuni wa watoto waliokosa shughuli. Mwaka 2001 Profesa Jay, akitokea kundi la Hard Blasters, alitoa *Machozi, Jasho na Damu*, iliyotengenezwa na P-Funk Majani. Humo ndimo ulimo "Ndio Mzee". Waliokuwa shuleni miaka ile wanaujua hata kama nyumbani hawakuwa na redio: mwanasiasa anapanda jukwaani, anamwaga ahadi zisizowezekana, na kwa kila ahadi umati unaitikia "ndiyo mzee". Kicheko kilimwendea mwanasiasa, lakini aliyechomwa zaidi ni umati. Wimbo ulikuwa unatuuliza: nyie mnaoitikia, hamna masikio?

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Umati ni ule ule, isipokuwa sasa aliyeko jukwaani ni kizazi kile kile kilichotufundisha kutoitikia hovyo. Nasi tunaitikia.

Nitaondoka Nyanda za Juu kidogo niende kwa watu wenye tabia tofauti kabisa, nao ni mashabiki wa metali, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma. Huku kwetu muziki huo una wasikilizaji wachache, lakini mashabiki wake wana kipaji ambacho tungefaa kukiiba: wanajua kukasirikia albamu. Chukua Metallica, bendi iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1981. Mwaka 1996 walitoa *Load*, muziki ukiwa umepunguza kasi, na wanamuziki wenyewe wakiwa wamenyoa zile nywele ndefu. Mashabiki walipiga kelele juu ya vyote viwili. Mwaka 2003 ikaja *St. Anger*. Solo za gitaa zikawa hazimo kabisa, na ile ngoma ndogo ya kati, inayotakiwa kutoa mlio mkavu, Lars Ulrich akaiacha ilie kama ndoo tupu. Albamu ilishika namba moja Marekani, na hadi leo watu wazima wenye watoto bado wanagombana juu ya mlio wa ngoma hiyo. Mwaka 2008, kwenye *Death Magnetic*, solo zilirudi. Mashabiki wakakamata kosa jingine: sauti ilikuwa imebanwa na kupandishwa mno hadi inakwaruza. Walijuaje? Waligundua kwamba nyimbo hizo hizo, zilivyowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, zilisikika safi kuliko kwenye diski waliyoinunua. Maelfu wakaweka saini kutaka albamu isafishwe upya.

Utasema ni watu wasio na kazi. Mimi naona watu waliosikiliza. Huwezi kugombana miaka ishirini juu ya ngoma moja kama hukuisikia. Na bendi iliyolalamikiwa hivyo haikufa. Iliendelea kutoa albamu na kujaza viwanja, mbele ya watu wale wale waliokuwa wanaisema.

Yaangalie malalamiko yao vizuri, utaona yako ya aina mbili. Kuna lalamiko la nywele na kuna lalamiko la ngoma. La nywele linasema: umebadilika, mimi nilikupenda ulivyokuwa nikiwa na miaka kumi na saba, nirudishie ujana wangu. La ngoma linasema: hapa, dakika hii, kwenye kifaa hiki, kazi yako imelegea. La kwanza linamhusu msikilizaji mwenyewe. La pili linahusu kazi. Sisi, kwa bahati mbaya, tukithubutu kulalamika tunalalamikia nywele.

Kaa kwenye kijiwe chochote Mwanjelwa au Soweto, Mbeya, halafu utaje jina la Sugu. Utaambiwa yule wa zamani alikuwa mpiganaji, siku hizi ana hoteli. Utaambiwa kwamba mwaka 2018 mahakama ya Mbeya ilimfunga kwa kumtolea Rais lugha ya fedheha, kisha mwaka 2022, kwenye tamasha lake la miaka 30 ya muziki pale Serena, Dar es Salaam, Rais aliyefuata akawa mgeni wake. Mmoja atasema hayo ni maridhiano, mwingine atasema ni kusalimu amri, na chai itapoa mezani. Mkazi wa Mbeya ana haki zote za kuwa na maoni juu ya hilo. Lakini hayo ni maoni juu ya maisha ya mtu. Muulize huyo huyo, kati ya *Ni Mimi* ya 1995 na *VETO* ya 2009, ni albamu ipi ambayo uandishi wake ulianza kuchoka, na ni ipi aliandika vizuri kuliko watu wanavyokumbuka. Kijiwe kitanyamaza. Huyu ni mtu aliyetoa albamu karibu kumi ndani ya miaka kumi na mitano, akaibeba rapu ya Kiswahili mabegani, na mji wake mwenyewe hauna mjadala juu ya hata moja kati ya hizo.

Lalamiko la ngoma kwa rapu ya Kiswahili lingesikikaje? Lingeanza na lugha. Kiswahili kinampa rapa vina vya bure, kwa sababu karibu kila neno linaishia na irabu. "Kulima" na "kuhama" vinafanana kwenye silabi ya mwisho tu, na mtoto yeyote anaweza kuvipata. "Mahindi" na "ushindi" vinashikana kuanzia pale mkazo wa neno unapoangukia, na hapo ndipo kazi inapoanza. Wakongwe walipokuwa na njaa walitafuta vina vya aina hiyo, mstari baada ya mstari, na ndani yake wakasimulia kisa chenye mwanzo na mwisho. Msikilize mkongwe leo akiwa juu ya mdundo wa amapiano aliouazima kwa sababu ndio unaopigwa. Mdundo ule unakimbia kwa mapigo kama 112 kwa dakika, umejaa besi, na unapendelea misemo mifupi inayorudiwa. Kisa kirefu chenye wahusika watatu hakipati pa kukaa. Maneno yetu ni marefu; neno moja kama "walivyotuahidi" linakula nusu ya mstari. Basi mkongwe anakata kisa, anabakiza kelele, kiitikio anampa kijana anayevuma ili redio zikubali, na ubeti wa pili unarudia wa kwanza. Hapo ndipo pa kukasirikia. Mtu aliyejua kusimulia amekubali kutosimulia, na hakuna aliyemwambia kwamba tumeliona hilo.

Kwa nini hatusemi? Sababu ya kwanza ni adabu, na siichezei. Huku Nyanda za Juu mkubwa husalimiwa kwa kuinama au kukunja magoti, na mimi napenda iwe hivyo. Lakini shikamoo ni ya mtu. Wimbo haupewi shikamoo. Tumechukua adabu ya sebuleni tukaipeleka kwenye spika, na matokeo yake mzee anaheshimiwa na kazi yake inadharauliwa, kwa sababu kutosikiliza ndiyo dharau yenyewe.

Iringa ilikuwa na njia bora zaidi. Miaka ya 1980 mji ule ulikuwa na bendi yake kubwa, Tancut Almasi Orchestra, iliyobeba jina la kiwanda cha kuchonga almasi kilichokuwa hapo hapo mjini, ikiwa na wale mapacha waimbaji, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Bendi za dansi za wakati ule ziliishi ukumbini, na ukumbi haukuwa na adabu ya kinafiki. Wimbo mpya ukipigwa na watu wakarudi kwenye viti vyao, bendi ilipata jibu lake usiku ule ule. Haikuhitaji mchambuzi. Ilihitaji kuangalia sakafu tu. Wanamuziki walioitwa magwiji walikuwa wanahukumiwa kila mwisho wa wiki na watu waliowapenda.

Leo nyimbo za Tancut ziko kwenye rafu tunayoiita zilipendwa. Liangalie neno hilo. Zilipendwa: zamani, na kwa kutendwa. Hakuna anayezipenda sasa, na hata waliozipenda hawatajwi. Ni neno la upole kuliko yote tuliyonayo la kumwambia msanii kwamba mapenzi yamekwisha. Bongo Fleva, iliyowacheka wazee wa dansi kwa kupitwa na wakati, sasa inapanda kwenye rafu hiyo hiyo ikiwa hai, na sisi ndio tunaosukuma ngazi. Kila "heshima mkongwe" isiyofuatwa na neno juu ya kazi ni hatua moja ya kwenda juu.

Sababu ya pili ni fedha. Zamani uliinunua albamu. Kaseti ilikuwa na upande A na upande B, ukiurudisha mkanda kwa kalamu ili kulinda betri, na kwa kuwa ulilipa kwa hela ya matumizi ya wiki, uliisikiliza yote, hata wimbo wa nne wa upande B ambao mwanzoni hukuupenda. Aliyelipa aliona ana haki ya kunung'unika. Leo wimbo haununuliwi, unakula bando. Usipoupenda ndani ya sekunde ishirini unaruka, na kuruka hakuachi ujumbe. Msanii anaona namba ndogo, lakini namba haimwambii kama tatizo ni ubeti, mdundo au jua la siku ile. Akishaona namba ndogo anafanya kile anachoweza kukifanya: anamtafuta kijana mwingine anayevuma. Hivyo ukimya wetu ndio unaomsukuma kwenye kile kile kinachotuudhi.

Sasa nije kwenye mfano mgumu, maana hoja isiyothubutu kugusa mfano mgumu ni maneno ya kijiweni. Mwanzoni mwa 2022 Profesa Jay aliugua sana, akalazwa Muhimbili kwa muda mrefu, na nchi nzima ilimwombea. Mwaka 2023 akarudi na "Siku 462", akiwa na mwimbaji wa injili Walter Chilambo. Jina lenyewe ni hesabu ya siku zake za kuugua. Nani ana moyo wa kumkosoa mtu aliyerudi kutoka huko?

Mimi nitajaribu, kwa sababu nadhani alirudi akiwa msanii, hakurudi kuwa mgonjwa wa taifa. "Siku 462" ni wimbo wa shukrani, na shukrani ni deni halali la aliyepona. Kama ushuhuda, unatosha kumfanya mtu akae kimya. Na una kitu ambacho nyimbo nyingi za wakongwe hazina: hakuna kijana wa miaka 22 ambaye angeweza kuutoa. Kwa kipimo hicho peke yake, ameenda mbele kuliko wenzake wanaokimbizana na amapiano. Lakini niliyelelewa na "Ndio Mzee" nilikuwa na njaa nyingine. Yule mwandishi alijua kuvaa sauti ya mwanasiasa na sauti ya umati ndani ya wimbo mmoja. Alijua kutazama. Sasa mtu mwenye jicho lile amelala wodini siku zote hizo: nani alikuwa kitanda cha jirani? Ndugu waliokaa kwenye korido walikuwa wanahesabu nini, dawa au nauli ya kurudi Tukuyu? Wanaofariki bila kuombewa na taifa, akina nani? Najua albamu nzima inaweza kutoka humo, na hakuna mwingine nchini aliye na haki na uwezo wa kuiandika kama yeye. Nimekatishwa tamaa kwa sababu bado namdai. Na mtu humdai anayeamini ana kitu.

Sasa linganisha hilo na tulichompa. Tulimpa machozi, tukampa hongera, na hatukumwomba wimbo wa pili. Ni kama tuliridhika kwamba yu hai. Kwa binadamu hilo ni jambo kubwa kuliko muziki wowote. Kwa msanii, ni kuambiwa kwamba kazi yake imekwisha na sasa anaweza kukaa kwenye picha.

Najua nitajibiwa nini. Kwanza, "wewe ni nani?" Mimi ni msikilizaji, na hicho ni cheo kamili. Mkulima wa Mbarali hahitaji mla wali awe na shamba ndipo akubali kuambiwa mchele una mawe. Pili, kwamba mitandao imejaa matusi tayari, nikihimiza ukosoaji naongeza petroli. Matusi ni lalamiko la nywele lililolewa. Dawa yake si pongezi za uongo. Ni watu waliosikiliza kuongea kwa sauti kuliko wasiosikiliza. Tatu, na hili ndilo zito, kwamba wakongwe hawa walidhulumiwa, walifanya kazi wakati kaseti zao zinauzwa na wengine wanatajirika, kwa hiyo waacheni wapumzike na sifa zao. Nakubali walidhulumiwa. Lakini aliyedhulumiwa malipo hafidiwi kwa kudanganywa. Mlipe anapopanda jukwaani, nunua kazi yake, halafu mwambie ukweli juu yake.

Ninachowaomba wasomaji wa umri wangu, mlioko mabwenini Mkwawa na MUST, mnaoandika vizuri na mna maoni juu ya kila filamu ya Korea, ni kidogo. Mkongwe akitoa kazi, isikilizeni yote, mara mbili, bila kuruka. Taja mstari uliokushika. Taja ulikolegea na useme kwa nini: ni kina, ni mdundo, ni kisa kilichokatwa? Lisemeni hilo hadharani na kwa majina yenu, kwa lugha ambayo mngeweza kuitumia mkikutana naye kwenye foleni ya benki pale Uhindini. Na kama kazi ni nzuri, semeni ni nzuri kwa sababu zinazotajika, maana sifa isiyo na sababu ni "ndiyo mzee" nyingine.

Na ninyi wakongwe wetu, shikamooni. Mkikutana na kijana anayewaambia albamu ya mwisho haikumfikia, msimtafutie aliyemtuma. Hakutumwa. Amekaa na kazi yenu usiku kucha, ana hasira, na kesho yake anaianza tena kutoka wimbo wa kwanza kutafuta kama alisikia vibaya. Wa namna hiyo hawajabaki wengi.